Mvua Inayoita na Mvua Inayofukuza

Ndugu zangu walioko Muheza, mkoani Tanga, hawachoki kuniuliza swali moja kila tunapozungumza kwa simu kati ya Novemba na Februari: iweje Waingereza, watu ambao mvua haiwaishii, waikimbie na kulipa nauli kubwa kwenda kuota jua, ilhali sisi mvua hiyo hiyo tunaiombea dua na, inapochelewa sana, tunatoka uwanjani kuiswalia? Nimelijibu swali hilo juu juu kwa miaka mingi, kwa kusema tu kwamba huku Uingereza kuna baridi, na sidhani kwamba jibu hilo linatosha. Mvua hizi mbili si kitu kimoja kwa mtu mwenye jembe. Mvua ya kwetu humwita mtu shambani, kiasi kwamba hata aliyekwenda mjini kutafuta vibarua hurudi masika yanapokaribia. Mvua ya majira ya baridi ya Uingereza humfukuza mtu shambani na kumfungia nje kwa miezi mitatu au minne. Anayekwenda likizo wakati huo, kwa maoni yangu, hakuacha kazi, kwa sababu kazi ilikwisha kumwacha yeye.

Wengi hudhani kwamba tofauti iko katika wingi wa maji. Leicester, mji ninaoishi katikati ya Uingereza, hupata kwa mwaka mzima mvua isiyofikia milimita 700. Pwani ya Tanga hupata zaidi ya milimita 1,000, na kule Amani, juu ya milima ya Usambara Mashariki, kiasi hicho hukaribia 2,000. Kwa hesabu hiyo mimi ndiye niliyehamia penye ukame. Lakini masika ya kwetu hushuka kwa kishindo, kisha jua hutoka, ardhi ikafuka mvuke, na mahindi na migomba ikayanywa maji mchana kutwa kwa sababu mchana wa Tanga haupungui sana saa kumi na mbili mwaka wote. Huku, katika siku fupi za Desemba, jua huchomoza baada ya saa mbili asubuhi na kuzama kabla ya saa kumi alasiri, na hata linapoonekana huwa limelala pembeni mwa anga, halina nguvu ya kukausha shati kambani. Miti imepukutika majani, nyasi zimesimama bila kukua, na hakuna mmea unaovuta maji ya maana kutoka ardhini. Manyunyu ya milimita mbili leo na tatu kesho, ambayo Muheza yasingemfanya mtu aingie ndani, hujumlishana wiki baada ya wiki mpaka udongo ukashiba na kukataa zaidi.

Na udongo wa Leicester ni wa mfinyanzi mzito. Kishamba ninachokodi kutoka halmashauri ni cha kawaida cha huku, yaani takriban mita za mraba 250, na haki ya mwananchi kukodishwa kipande kama hicho iliwekewa msingi katika sheria ya mwaka 1908. Udongo wa namna hiyo ukilowa, kosa kubwa ni kuukanyaga. Unyayo mmoja hubana vijitundu ambamo hewa na maji hupita, mizizi ikakosa pumzi, na pale ulipokanyaga Januari utapatambua Juni kwa kuona mimea iliyodumaa. Ndiyo maana wakulima wa hapa hutandika mbao ndefu na kutembea juu yake ili uzito wao usambae, au hawaingii kabisa. Mgeni kutoka kwetu hushangaa kumwona mtu mzima amesimama nje ya ua wa shamba lake mwenyewe, mikono mfukoni, akiliangalia tu. Nami nilishangaa, nikidhani ni uvivu; leo nakiona kitendo hicho kuwa ni kilimo kamili.

Miaka ya karibuni imelizidisha jambo hili. Kati ya Oktoba 2022 na Machi 2024 Uingereza ilipata karibu milimita 1,700 za mvua, kiasi kikubwa kuliko miezi kumi na minane mingine yoyote tangu kumbukumbu hizo zianze kuwekwa mwaka 1836. Mwanzoni mwa Januari 2024 tufani iliyopewa jina la Henk iliufurisha mto Soar unaopita Leicester, na mashamba ya kukodi yaliyo bondeni yakawa mabwawa. Vitunguu saumu vilivyopandwa Oktoba vilioza ardhini. Jambo hili liliwauma watu, kwa sababu kitunguu saumu ni miongoni mwa mimea michache inayoutaka ubaridi wenyewe: bila majuma kadhaa ya baridi hakigawanyiki punje. Baridi waliipata, ila ilikuja na maji ambayo hayakuwa na pa kwenda.

Namna wanavyojihami inafaa kusimuliwa kwa urefu kidogo, maana hapa ndipo mkulima wa kwetu anaweza kujifunza kitu na pia kufundisha kitu. Wapo wanaoinua matuta kwa kuyazungushia mbao, wakayajaza mboji na samadi hadi kimo cha goti, ili mizizi ikae juu ya maji. Wapo wanaotandaza majani makavu na maboksi yaliyokunjuliwa juu ya ardhi tupu mara baada ya mavuno, kwa sababu matone ya mvua yakipiga udongo ulio wazi huufanya ugande na kuosha rutuba yake. Na wapo wafuasi wa Charles Dowding, mkulima wa Somerset ambaye tangu miaka ya 1980 amekuwa akishikilia kwamba ardhi isilimwe kabisa bali iwekewe mboji juu kila mwaka, na minyoo iachiwe kazi ya kuchimba. Nimejaribu mfano wake katika nusu ya kishamba changu, na nusu hiyo ndiyo inayokauka mapema zaidi kila Machi. Nilipomweleza mjomba wangu, alicheka na kuniambia kwamba marehemu bibi hakuwahi kulima chini ya migomba maisha yake yote. Alitupia makapi na majani makavu, basi. Mabwana shamba siku hizi huiita kazi hiyo kilimo hifadhi na kuifanyia semina.

Jirani yangu shambani ni mzee wa Kihindi aliyezaliwa Uganda na kuondolewa huko pamoja na maelfu ya wenzake mwaka 1972, wengi wao wakaishia Leicester. Tunasalimiana kwa Kiswahili, chake kikiwa na lafudhi ya madukani Kampala, na huniita kijana ingawa mvi zimeanza kuniingia. Yeye hupanda giligilani na uwatu ndani ya kibanda cha plastiki, na nje huacha sukuma wiki ya huku, ile yenye majani yaliyokunjamana, ambayo haiogopi baridi na kwa kweli huzidi utamu baada ya kupigwa na jalidi, kwa kuwa mmea hugeuza wanga wake kuwa sukari ili usigande. Hajawahi kwenda likizo ya baridi hata mara moja. Anasema aliwahi kuhama mara moja na kwamba hiyo inamtosha.

Wengine wote, au karibu wote, huondoka. Kabla ya kuondoka hukaa ndani wakisoma orodha za mbegu na kuagiza majembe mapya, makasi mapya na glavu mpya. Mchagua jembe si mkulima, lakini sitawalaumu, maana jioni inayoanza saa kumi ni ndefu. Madirishani mwao utakuta mimea iliyohama kwetu kabla yangu. Ule mmea mdogo wenye majani ya manyoya na maua ya zambarau, ambao kila bibi wa Kiingereza anao, ulitoka kwenye miamba yenye kivuli ya Usambara. Mjerumani aitwaye Walter von Saint Paul-Illaire aliukusanya mwaka 1892, na jina lake likabaki kwenye ua hilo, Saintpaulia. Mwingine, ambao kwa miaka mingi ulikuwa ukipandwa katika vyungu vya kila mtaa wakati wa kiangazi, ulipelekwa bustani ya Kew kutoka Zanzibar na John Kirk, balozi mdogo wa Uingereza, na mwaka 1882 ukapewa jina la kitaalamu la kumheshimu Sultani. Huo nao unyevu wa huku umeuandama: ugonjwa wa ukungu ulienea vibaya mwaka 2011 kiasi kwamba maduka mengi yaliacha kuuza miche yake. Mwenzetu huyo hakuwa na likizo ya kukimbilia.

Wanakokimbilia watu ni Tenerife zaidi, mwendo wa saa nne na nusu hivi kwa ndege, ambako Februari joto la mchana hufika nyuzi 20 au kuzidi kidogo. Wakulima miongoni mwao hawakai ufukweni siku zote. Huenda kutazama bustani ya mimea ya Puerto de la Cruz, iliyoanzishwa mwaka 1788 kwa amri ya mfalme wa Hispania ili mimea ya nchi za joto izoeshwe hali ya hewa ya huko, na hurudi na picha za migomba. Picha hizo nimeonyeshwa na watu waliosimama kwa fahari chini ya mkungu ambao Muheza usingepata bei. Wenye fedha zaidi huenda Zanzibar, na wakati wao ni mzuri, kwa kuwa Januari na Februari ni kaskazi, vuli imekwisha na masika bado. Sioni aibu yoyote katika safari hizo. Hata idara ya afya ya taifa huwashauri wakazi wote wa huku wafikirie kumeza vidonge vya vitamini D wakati wa majira ya baridi, na sisi wenye ngozi nyeusi hushauriwa tuvimeze mwaka mzima, kwa sababu jua la hapa halitoshi kuutengenezea mwili kirutubisho hicho. Mtu anayelifuata jua hafuati anasa tupu.

Ila kuna jambo ambalo majirani zangu hawalioni na ndugu zangu hulihisi bila kulisema. Mtu huweza kuikimbia mvua pale tu ambapo chakula chake hakitegemei mvua hiyo. Vitunguu saumu vikioza Leicester, mwenye shamba huvinunua dukani, pengine vikiwa vimetoka Hispania au China, na hasara yake ni huzuni ya wiki moja. Desemba 3, 2023, wakati mashamba ya huku yakianza kuzama, kwetu Tanzania mvua kubwa ilisababisha maporomoko ya tope kutoka mlima Hanang yaliyoufunika mji wa Katesh na vijiji vya jirani, na zaidi ya watu 80 walipoteza maisha. Waliosalia hawakuwa na ndege ya kupanda, na kama wangekuwa nayo wasingeondoka, kwa sababu ng'ombe waliobaki na mashamba yaliyobaki yalikuwa yanawahitaji siku ile ile. Kwa hiyo jirani yangu Mwingereza anapolalamika kwamba majira haya ya baridi yamemmaliza, mimi humsikiliza kwa huruma ya kweli, maana tope ni tope na viungo vya mzee huuma, lakini neno hilo la kumalizwa silikubali.

Nasi tulioko ughaibuni tuna desturi yetu ambayo ningependa tuitazame upya, hasa wale wenye vishamba. Karibu wote tunapanga kwenda nyumbani Desemba, wakati nauli iko juu kuliko mwezi mwingine wowote, kwa ajili ya sikukuu na kwa sababu shule zimefungwa. Tunarudi wiki ya kwanza ya Januari, moja kwa moja kwenye kipindi kibaya zaidi, huku miezi miwili ya giza na maji ikiwa mbele yetu na likizo imekwisha kuliwa. Wenye watoto wa shule hawana hiari, najua. Lakini sisi ambao watoto wamekua tungefanya hekima kubaki hapa Desemba, kuvuna sukuma wiki na liki zilizostahimili, kufunika matuta, kisha kuondoka mwisho wa Januari.

Safari ya Februari ina gharama yake, ambayo si ya fedha. Ukifika Muheza mwezi huo, huwakuti watu wamekaa barazani wakila machungwa na kukusubiri wewe. Wanafyeka, wanachoma takataka, wanachimba mashimo, kwa kuwa mahindi yanatakiwa yawahi mvua za kwanza za Machi. Mwaka jana nilimwamkia mjomba shikamoo akaitikia marahaba, na kabla sijaweka begi chini akaongeza: "Karibu, mjomba. Umekuja wakati mwema, kule bondeni bado hakujafyekwa." Nililima likizo nzima. Niliporudi kazini Leicester wenzangu waliosifu rangi yangu walidhani nimeipata ufukweni.

Hata hivyo nitakwenda tena mwaka huu katika mwezi ule ule. Viazi vya mbegu nitavipanga kwenye trei za mayai kabla sijaondoka, mahali penye mwanga na ubaridi karibu na dirisha, ili vichipue taratibu kwa wiki tano au sita kama inavyotakiwa, na ufunguo nitamwachia mzee wa Kampala, ambaye ameshaniambia kwamba atavitazama lakini hatavigusa. Nikirudi mapema Machi, urefu wa mchana utakuwa umekaribia saa kumi na moja, upande usiolimwa utakuwa unakanyagika, na Muheza kutakuwa na mvua ya kupandia.