Mbeleko ya Umma

Juzi nilikuwa na jamaa yangu tunaangalia ile video ya roketi ya SpaceX, kampuni ya Elon Musk, inayoshuka kutoka angani na kutua wima, moto chini, miguu minne imekunjuliwa. Nimeiona mara nyingi na bado mwili hunisisimka. Ikatua. Jamaa akapiga meza: "Unaona? Serikali ikikaa pembeni, mambo yanakwenda!" Nikatafuta jibu, nikakosa. Majibu huwa yananijia usiku, kitandani, mwenzangu keshalala fofofo. Basi ndiyo haya.

Serikali ilikaa pembeni lini?

Turudi 2008. SpaceX imerusha Falcon 1, roketi yake ya kwanza, mara tatu, na mara zote tatu imeshindwa kufika. Ya nne, Septemba, ndiyo iliyofika kwenye mzingo wa Dunia, na Elon Musk mwenyewe ameshasimulia mara kadhaa kwamba pesa zilikuwa zimekwisha kabisa. Kisha Desemba 23, wenzetu wakijiandaa na Krismasi, NASA, shirika la anga la serikali ya Marekani, ikatangaza mkataba wa dola bilioni 1.6 kwa safari 12 za kupeleka mizigo kwenye Kituo cha Kimataifa cha Anga. Bilioni! Kwa kampuni ambayo roketi yake imefanikiwa mara moja. Na roketi ya kubeba mizigo hiyo, Falcon 9, ilikuwa bado haijaruka hata siku moja. Iliruka Juni 2010. Hata kuitengeneza, fedha za NASA zilikuwa zikimiminika tangu 2006. Ngao ya joto ya Dragon, chombo cha SpaceX kinachobebwa na roketi hiyo? Imetokana na kitu kilichobuniwa kwenye maabara za NASA. Uwanja wa kurushia, 39A pale Florida? Ndipo alipoondokea Neil Armstrong kwenda Mwezini 1969, kampuni imekodi. Mtoto kabebwa mgongoni mto mzima, kafika ng'ambo, anajisifu hakulowa miguu.

Haya, nikiri, ingawa roho inauma. Ile ya kutua ni yao. Desemba 2015 Falcon 9 ilipeleka setilaiti 11 na sehemu yake ya chini ikarudi nchi kavu, nzima, huku NASA inaijenga SLS, roketi iliyotakiwa kuruka 2016, ikaruka Novemba 2022. Mkaguzi wa NASA alikadiria kila safari ya mwanzo ya Artemis, mpango wa NASA wa kurudi Mwezini, roketi na chombo chake, dola bilioni 4.1. Na zile injini nne chini yake zilishawahi kwenda anga na kurudi enzi za shuttle, vyombo vya zamani vya NASA vya kubeba wanaanga. Safari hii zikaachwa zizame baharini. Mtu akilia hapo, simlaumu.

Lakini muulize jamaa yangu: mwili wa SLS umejengwa na nani? Boeing. Kampuni binafsi! Tofauti ni mkataba tu: kule kwa SLS mkandarasi analipwa gharama zake na faida juu, hivyo kuchelewa ni ulaji, huku kwa SpaceX bei imepangwa, ukizidisha unajilipia. Na bei iliyopangwa nayo si dawa ya kila kitu. 2014 Boeing ilipewa dola bilioni 4.2 ya kubeba wanaanga, SpaceX 2.6. Juni 2024 Starliner, chombo cha Boeing, ikapeleka watu wawili kwa safari ya siku kama nane. Wakarudi Machi 2025, kwa lifti ya Dragon.

Sasa, kuna kazi ambazo hata mkataba mzuri wa dunia hautazigeuza biashara. Voyager 1, chombo cha NASA kisicho na watu, iliondoka 1977. Ilipita Jupiter, ikapita Saturn, sasa iko nje ya eneo linalofikiwa na upepo wa Jua, yaani chembe zinazotoka Juani, na ishara yake inachukua karibu siku nzima kutufikia, kwa mwendo wa mwanga. Nani angenunua tiketi? Nani angewaeleza wenye hisa kwamba faida yao ni picha za volkano za Io, mwezi wa Jupiter, na kujua kwamba huko mbali kuko hivi na si vile?

Jamaa akiyasoma haya atanipigia. Apige tu, ila kwanza anitajie kampuni moja, moja tu, iliyowahi kufikisha chombo Jupiter kwa pesa zake yenyewe. Simu iko wazi usiku kucha, maana mimi silali.