Jeki Mbili, Robo, Dume

Muuza spea wa Gerezani, Dar es Salaam, alimweleza Baba Mkubwa bila kumficha: jeki ya robo tani hakuna. Hajawahi kuiona, na hata ingekuwepo, ingeinua nini, baiskeli? Ndogo kuliko zote dukani kwake ilikuwa ya tani mbili. Baba Mkubwa akaifungua tena orodha ya kamati ya harusi, akaisoma kwa sauti: "Jeki 2, robo, dume." Akaona heri izidi kuliko ipungue. Akachukua mbili za tani mbili mbili, akapewa risiti yenye muhuri wa "mali ikishauzwa hairudishwi", akapanda bajaji. Kuhusu "dume" hakuuliza. Kwa uzito ule, aliona swali limeshajibika.

Fundi mitambo aliyekuwa anazisubiri hizo jeki ni mimi. Nilikuwa nimekaa juu ya spika, pasi ya kulehemu imeshapata moto.

"Shikamoo, Baba Mkubwa."

"Marahaba, fundi. Mzigo wako huu hapa. Nionyeshe tu kinachoinuliwa."

Nilimtajia katibu wa kamati nilichotaka vizuri kabisa: jeki mbili za robo inchi, mono (za njia moja ya sauti), dume. Katibu ni binti wa ofisini, akaandika kwa Kiingereza kama alivyozoea. Mwingine akairudisha kwenye Kiswahili kwa ajili ya wazee. Katika kwenda na kurudi huko, inchi ikadondoka njiani, na mono ikaifuata.

Robo inchi ni milimita 6.35, kile kichwa cha waya wa gita na kinanda. Nilikuwa na waya wa kutolea muziki kwenye simu: upande mmoja una kichwa kidogo cha milimita 3.5, upande wa pili umekatwa, umebaki mikia miwili, wa kushoto na wa kulia. Kila mkia ufungwe jeki yake, kila jeki iingie chaneli yake kwenye miksa, ile meza ya kuchanganyia sauti. Kazi ya robo saa kwa anayejua kanuni ya kwanza: kifuniko cha jeki kinapitishwa kwenye waya kabla ya kulehemu. Asiyefanya hivyo hulehemu vizuri sana, akajisifu, kisha akabomoa. Baada ya hapo unamenya ganda la nje sentimita moja na nusu, waya wa ndani unaumenya milimita nne au tano, nyuzi za nje unazisokota pamoja, na kote unapaka risasi. Waya wa ndani unakwenda kwenye kile kiguu kifupi kinachoelekea ncha ya jeki, zile nyuzi kwenye kirefu cha mwili. Unabana masikio ya chuma yashike ganda, halafu unapima kwa mita kama ncha na mwili havigusani. Pasi ikikaa pale muda mrefu, plastiki inayovitenga inayeyuka, na umetengeneza shoti yenye sura nzuri.

Baba Mkubwa alisikiliza yote hayo akiwa amekumbatia kilo zake za chuma. Kisha akauliza swali ambalo, kusema kweli, ni la haki: "Sasa kitu kinachoingia tundu la kidole na kitu kinachoinua Fuso vimepewaje jina moja? Mzungu aliishiwa majina?"

Aliishiwa, tena mapema. Jack ni kifupisho cha John, yaani Yohana, na Uingereza ya zamani ilijaa akina John hadi Jack likawa jina la mwanamume yeyote tu, hasa wa chini: mtumishi, kibarua, baharia. Zikija mashine za kufanya kazi ya mtumishi, zikarithi jina la mtumishi. Kulikuwa na mtoto wa jikoni aliyekaa kando ya moto akizungusha mshikaki wa nyama. Ilipotengenezwa mashine ya kuuzungusha, ikaitwa jack. Kibao chenye pengo la kunasa kisigino ili bwana avue buti bila kuinama, jack. Na cha kuinulia mizigo, jack. Ni kama sisi tungesema: niletee Juma wa tani mbili.

"Na dume?"

Hapo Mwingereza amerudia neno mara mbili, maana jack kwake pia ni alama ya udume. Punda dume ni jackass, punda jike ni jenny. Lakini kwenye nyaya, dume ni kinachochomekwa na jike ni tundu. Na hata hapo hawaelewani: Mmarekani anayefuata vitabu, jack ni lile tundu peke yake, na kinachochomekwa ni plug; Mwingereza anaita jack vyote viwili. Katibu alilishika hilo la plug, kumbe.

Jeki ya muziki ilitoka kwenye simu. Miaka ya mwisho ya 1870, Charles Scribner, mhandisi wa Chicago, alibuni swichi ya kuunganishia simu iliyofanana na kisu cha kukunja. Kisu hicho kwa Kiingereza ni jackknife, basi swichi ikaitwa hivyo, kisha knife ikaachwa njiani ikabaki jack. Wale akina dada wa kuunganisha simu walikuwa wanachomeka vichwa vya robo inchi kwenye ubao wa matundu, na kipimo hicho ndicho kilichomo kwenye kinanda mpaka leo. Jina la kisu lilikujaje kuwa jack, hapo kila mtu ana lake.

"Na ile bendera?" Baba Mkubwa alikuwa amenogewa, ameshaketi juu ya boksi moja. Union Jack. Inasemekana ni kwa sababu jack ilikuwa bendera ndogo ya kupepea mbele ya meli.

"Nayo ilipandishwa na jeki?"

"Hapa kwetu ilishushwa, Baba Mkubwa. Usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961."

"Hiyo naikumbuka vizuri. Walishusha kwa kamba."

Karata ya J nayo ni mtumishi huyohuyo. Zamani iliandikwa Kn, kwa knave, na wacheza kamari wakiwa wamezishika karata kwa kubana, Kn na K ya mfalme zilichanganya watu. Mwaka 1864 Samuel Hart, mtengeneza karata wa Marekani, akaweka J. Fenesi ndilo lililoingia kwenye ukoo huu bila undugu wowote. Waingereza wanaliita jackfruit, lakini Yohana hahusiki kabisa: Wamalayali wa kusini mwa India wanaliita chakka, Wareno wakasikia jaca, Mwingereza akasikia jina analolijua. Sisi tulilichukua kwa Wahindi wengine, wanaosema phanas. Nilifurahi kwamba Baba Mkubwa hakuishia sokoni. Fenesi moja linaweza kufika kilo 40, na angeleta mawili.

Ilikuwa saa tisa alasiri. Kwenda Kariakoo kufuata jeki za kweli na kurudi kwa foleni ile ingekuwa kukuta watu wanakula keki. (Kariakoo, nimtendee haki Baba Mkubwa, nalo ni Kiingereza kilichosikika vibaya: Carrier Corps, wapagazi wa jeshi la Mwingereza wa Vita Kuu ya Kwanza.) Njia iliyobaki ilikuwa kukata waya mmoja wa kinanda katikati. Hapo unapata vichwa viwili vya robo inchi, mono, dume, vyenye mikia yake, unalehemu mkia kwa mkia. Mpiga kinanda aliposikia neno "kukata" aliushika waya wake kwa mikono miwili.

Wakati huohuo jeki za Gerezani zikapata kazi. Mvua ya jana yake ilikuwa imelainisha bustani, na mguu mmoja wa jukwaa la maharusi ulikuwa umezama kiasi cha upana wa kiganja. Baba Mkubwa, dereva wa lori mstaafu, uso wake ulikunjuka. Nikaitwa chini ya jukwaa, kwa kuwa spika yangu moja ilisimama upande ule.

Na kwa kuinua, mzee anajua kuinua. Akatanguliza ubao mpana juu ya udongo, maana jeki isiyo na ubao kwenye tope inaingia yenyewe badala ya kupandisha mzigo. Akaisimamisha wima, hii fupi nene ya haidroli haifanyi kazi ikilazwa, pampu inavuta hewa badala ya mafuta. Akafunga vali kwa tako la mpini, kulia, akaanza kupampu. Jeki ya tani mbili inaanza kama sentimita 18 na kupanda hadi 34 hivi, na mkono mmoja unatosha: pistoni nyembamba inasukuma mafuta kidogo kidogo chini ya pistoni nene, na kila unachokipoteza kwa kupampu mara nyingi unakipata kwa nguvu. Jukwaa likasimama sawasawa, pima maji ikathibitisha.

"Sasa tuweke tofali, Baba Mkubwa, tuitoe jeki."

"Tofali la nini? Jeki mpya hii!"

Kanuni ya gereji zote duniani ni kwamba jeki ni ya kuinua, ya kushikilia ni stendi. Mafuta yanashikiliwa na mpira na vali, na vali ikikosa hata sehemu ya mzunguko mmoja kukaza, yanarudi polepole bila kelele. Nilikuwa nayaeleza hayo niliposikia ngoma. Bibi harusi alikuwa anaingia.

Ngoma nilizisikia, gita nikalisikia, zeze nikalisikia. Mwimbaji hakuwepo. Palikuwa na mwangwi wake tu, kwa mbali, kama mtu anayeimba nyumba ya tatu. MC, kwa uzoefu wake, akatangaza kwamba maharusi wamechagua kuingia kwa ala tupu, na shangazi mmoja akajitolea kuimba maneno, kwa ufunguo anaoujua yeye.

Nilipofika kwenye miksa nikakuta kijana wa kamati amenisaidia. Alikuwa na waya wake mwenyewe, 3.5 upande mmoja na robo inchi upande wa pili, akauchomeka. Ila kichwa chake cha robo inchi kilikuwa stereo, chenye mistari miwili myeusi badala ya mmoja: ncha, pete na mwili. Kwenye simu, ncha ni kushoto na pete ni kulia. Lakini tundu la miksa lililojengwa kwa waya wa balansi (unaobeba sauti ileile kwenye nyaya mbili, moja ikiwa kinyume) halijui kushoto wala kulia. Kazi yake ni kuchukua kilicho kwenye ncha na kukipunguzia kilicho kwenye pete, ili mvumo ulioingia njiani ufutike, kwa kuwa mvumo unafanana pande zote mbili. Kwenye nyimbo nyingi za studio kinachofanana pande zote mbili ni mwimbaji, huwekwa katikati kabisa. Miksa ilifanya kazi yake kwa uaminifu ikamfuta. Ala zilizosambazwa kushoto na kulia zilibaki, na mwangwi pia, kwa sababu ni mpana. Besi nayo ilikwenda na mwimbaji.

Mpiga kinanda alimwangalia shangazi, akaniangalia mimi, akanipa waya. Nikakata.

Mwimbaji alirudi ubeti wa mwisho. Watu wakashangilia wakidhani ni madoido.

Hotuba zikaanza. Baba wa bwana harusi alikuwa anawausia wanawe wasimame imara, nami nikaona spika yangu imeanza kuinamisha kichwa. Halikuwa jambo la ghafla. Mafuta yanarudi kwa kiasi ambacho jicho halioni mpaka liangalie pembeni na kurudi. Wasimamizi wawili wenye afya zao walikuwa wameongezeka upande ule, pamoja na keki ya ghorofa tatu. Bibi harusi alikuwa ameshika ukingo wa meza kwa vidole viwili, bado anatabasamu kwa ajili ya kamera. Keki ilitembea upana wa kidole, ikapumzika, ikatembea tena.

Baba Mkubwa alifika chini kabla yangu. Kukaza vali wakati ule kungezuia kushuka tu, na kupampu upya katikati ya hotuba kungewapandisha maharusi kwa vituo, tik, tik, tik. Tukasukuma kreti za soda. Kreti mbili zilizopinduliwa na kipande cha ubao juu yake zilikaa sawia kabisa, jukwaa likatulia limeinama kidogo kuelekea upande wa bwana harusi, jambo ambalo upande wa bibi harusi walilitolea maneno yao. Zile soda zilikuwa za meza ya wakwe. Walikunywa maji.

Kikao cha kuvunja kamati kilikwenda vizuri mpaka mapato na matumizi yaliposomwa: "Vifaa vya muziki: jeki 2." Mjumbe mmoja akataka kujua muziki gani ulitumia tani nne. Baba Mkubwa akasimama, akasema jeki ni neno la Kiswahili, limo kwenye kamusi, na kila siku tunasema fulani amepigwa jeki kimaisha, hatumaanishi waya. Alipigiwa makofi. Jeki moja ikauzwa kwa mjumbe mwenye gari, ya pili akaichukua yeye kwa bei ya hasara.

Katibu, ambaye muda wote alikuwa anaandika akiwa ameinamisha uso, akaomba nafasi. Akasema kwa kipaimara cha mwezi ujao, fundi akihitaji vichwa vya waya, yeye hataandika tena jeki. Ataandika jina lake sahihi, plagi. Plagi mbili. Wajumbe wakaafiki, ikaingia kwenye muhtasari.

Baba Mkubwa akavaa miwani, akachukua kalamu.

"Sawa, mwanangu. Plagi za gari gani?"