Mwanza Sijafika, na Bukta Nilikuwa Nayo

Kabla ya yote: bukta nilikuwa nayo. Naanza na hilo kwa sababu kuna mshikaji wangu wa kijiweni, mwanawe anasoma darasa la tatu pamoja na binti yangu, ambaye tangu jana mchana anaizunguka Tabata nzima akisema nilionekana mtupu mbele ya darasa. Muongo. Bukta ilikuwepo, nyekundu, ya tangu sekondari, na kama ina tundu basi ni upande ambao kamera haikuona. Nadhani.

Mengine yote aliyosema, kwa bahati mbaya, ni kweli.

Huu ni mwezi Mei 2020, na shule zimefungwa tangu 17 Machi kwa ajili ya corona. Tuliambiwa siku 30, zikaisha, tukaambiwa tusubiri. Sasa vyuo na kidato cha sita wanarudi 1 Juni, sisi wa darasa la tatu tumebaki na Zoom. Nasema "sisi" kwa sababu simu ni yangu, bando ni langu, na ile insha ya "Mnyama Nimpendaye" iliyopata 6 kwa 10 niliiandika mimi. Madam akarudisha ujumbe: "Mwandiko umeharibika siku hizi, ajitahidi." Sijamsamehe.

Ila Madam hana tabu. Tabu ni mhasibu. Kila Ijumaa mzazi anatakiwa afike shuleni kuchukua karatasi za mazoezi, na meza ya karatasi wameiweka mlangoni kabisa kwa mhasibu. Huchukui karatasi kabla hujaulizwa ada. Mimi kazi yangu ni kupamba kumbi za harusi. Wewe mwaka huu umealikwa harusi ngapi? Basi Madam aliponipigia mwanzoni mwa mwezi, nikausikia mdomo wangu unasema, "Madam, mimi niko Mwanza kikazi."

Uongo ukishauzaa, inabidi uulee. Akauliza hali ya hewa ya huko. Nikamtumia picha ya Jiwe la Bismarck niliyoitoa mtandaoni. Akafurahi. "Ukirudi usinisahau sato, Baba Fulani." (Binti yangu ana jina lake, ila nawajua nyie, silitaji.) Nikajibu kwa madaha, "Sato wawili, Madam, wakubwa." Hii ni wiki ya tatu niko Mwanza, na mkate nanunua kwa Mangi hapo kona.

Jana nimeamka na mafua. Mafua ya kawaida tu, lakini mwaka huu nani anapiga chafya halafu watu wakamwambia "afya" wakaendelea na yao? Mama watoto hata hakuuliza. Tangu Rais Magufuli azungumzie kujifukiza kule Chato, kwetu nyungu inatibu kila kitu, hata umeme ukikatika. Akachemsha mwarobaini, mchaichai, mkaratusi, na maganda ya limao, maana limao lenyewe kwa bei ya sasa hulitupi sufuriani. Chumbani hapatoshi mtu na sufuria, akaileta sebuleni.

Sebuleni binti yuko mezani, simu imeegemezwa kwenye chupa ya chai, hedifoni masikioni. Nikamuuliza, "Kipindi kimeisha?" Akatikisa kichwa kukubali.

Alikuwa anamkubalia Madam.

Nikavua shati, nikakaa kwenye kigoda nyuma yake, mama watoto akanifunika lile blanketi zito lenye picha ya chui, akarudi jikoni. Kwa hiyo vuteni picha watoto 34 walichokiona: nyuma ya mwenzao kuna chui, anafuka moshi, na anaguna. Maana niliguna, jamani. Nyungu ilikuwa kali. Niliguna, nikakohoa, nikasema, "Eeh Mola wangu, nitoe salama."

Ndipo nikasikia kelele kama za mapumziko. Binti alikuwa amechomoa hedifoni.

"Watoto, tulieni! Tulieni! Mwanangu, hicho kilichopo nyuma yako ni nini?"

"Ni baba, Madam."

Kimya. Mle ndani jasho lililokuwa la moto likageuka la baridi.

"Baba si yuko Mwanza?"

Mtoto nimemlea mwenyewe kwamba uongo ni dhambi, ila nimemlea pia asimuumbue babake. Nikamsikia anavuta pumzi. Akatafuta katikati.

"Yuko Mwanza, Madam. Ila amejifunika."

Nikaganda. Nikasema chui hatikisiki, labda mtandao utakata. Mtandao unaokatika kila nikitaka kuangalia mpira, jana ulikuwa maji ya mtungi! Mvuke unanipanda puani, macho yanachuruzika, jani la mwarobaini limenigandia kwenye paji la uso. Nikitoka nimeumbuka, nisipotoka naiva. Nikahesabu moja mpaka kumi na tisa. Ya ishirini nikasogeza mguu kidogo upate hewa, kidole gumba kikagusa sufuria.

Sikumbuki kuamka. Nakumbuka tu kwamba blanketi lilikuwa sakafuni, mimi niko wima, kifua wazi, bukta nyekundu, jani kwenye paji, nimeshika mguu mmoja kama korongo, na kwenye simu kuna vidirisha vya nyuso vimenikodolea macho. Kwenye kimoja mshikaji wangu alikuwa ameinama juu ya bega la mwanawe. Alikuwa ananipiga picha.

Madam hakucheka. Angecheka ningepona. Alisema kwa sauti ileile ya kufundishia, "Karibu kutoka Mwanza, Baba Fulani." Halafu, kwa sababu kipindi kilikuwa cha sayansi, hali tatu za maji, akaongeza, "Watoto, mnauona ule mvuke? Ndiyo hali ya gesi."

Kuna kajitu kakanyoosha mkono. "Madam, na baba yake? Ni yabisi au kimiminika?"

Basi. Nikazima simu, ambayo ni yangu, kwa kidole kilicholowa ikagoma mara mbili. Mama watoto kacheka mpaka kakaa chini. Mhasibu kanitumia salio kabla ya adhuhuri, nikalipa nusu kwa simu bila kubishana. Mafua, niseme ukweli, yamekwisha.

Leo asubuhi Madam kaandika: "Pole na safari. Sato nawasubiri."

Sasa kama kuna mwenye ndugu anayeshuka na basi kutoka Mwanza kesho, aje inbox. Wawili tu. Wakubwa. Na yule mshikaji asijibu.