Mheshimiwa Hewani

Mjomba wangu wa Mpunguzi, Dodoma, ana punda anayeitwa Mheshimiwa, kwa sababu hasogei bila posho. Posho yenyewe ni pumba na maganda ya tikiti. Akishaipata, anavuta mkokoteni wa zabibu kutoka shambani hadi barabara ya Iringa bila neno.

Mimi nilikuwa kidato cha tano, PCM (fizikia, kemia na hisabati), nimerudi likizo mwezi wa Machi zabibu zikivunwa, kichwa kimejaa mada ya mzunguko. Kila nilichokiona kilikuwa torki, ile nguvu ya kuzungusha kitu. Bibi akisonga ugali wa uwele nilimshauri ashike mwiko juu zaidi. Akanitazama kama anayetafuta pa kuupiga.

Asubuhi hiyo nikamkuta mjomba anapanga kreti, nyingi mbele ya ekseli, kile chuma kinachoshika magurudumu, chache nyuma.

"Mjomba, unamwonea punda. Hujui torki."

"Toki lini?"

"Si toki, torki! Kani ukizidisha kwa umbali kutoka kwenye ekseli. Tukisawazisha mbele na nyuma, Mheshimiwa habebi hata gramu mgongoni. Anavuta tu."

"Sisi huwa tunamwachia debe moja la maji mgongoni," akasema. "Punda asiposikia kitu pale, hapendi."

Debe moja! Kipimo gani hicho? Nikapanga upya mwenyewe: kreti 20 za kilo 20, kumi mbele, kumi nyuma, umbali nimeupima kwa futi kamba ya fundi. Halafu nikainua mipini ya mkokoteni kwa kidole cha mwisho. Kidole cha mwisho, jamani! Mjomba akanyamaza. Akasema atatangulia barabarani kumsubiri mnunuzi.

Tambarare tulikwenda vizuri mno. Nikaona ujinga kutembea wakati fizikia inafanya kazi, nikapanda kukaa nyuma kabisa, miguu ikining'inia.

Tukateremka korongoni, tukavuka mchanga, tukaanza kupanda ng'ambo.

Hesabu yangu ilikuwa sahihi, naomba hilo lieleweke. Ila ilikuwa sahihi kwa mkokoteni uliosimama sawasawa. Kreti zimepandana juu ya ekseli; mkokoteni ukiinamia nyuma, uzito wote nao unahamia nyuma. Juu ya hapo kulikuwa na kilo 58, mita moja nyuma ya ekseli, yaani torki ya kama nyutoni mita 580, ambazo sikuziingiza popote kwa sababu mimi ni mwanasayansi, si mzigo.

Mipini ikapanda taratibu. Mkanda wa tumboni ukakaza. Nikageuka, nikaona miguu ya mbele ya Mheshimiwa imeacha ardhi.

Nikaruka chini haraka, nikijua nimeshaondoa zile 580. Lakini kamba zangu zilikuwa legelege, na kreti zilikuwa zimeshateleza kuja kuchukua nafasi yangu. Punda hakushuka. Basi, punguza mzigo! Nikazishika kreti zilizokuwa karibu na mikono yangu, nikashusha mbili.

Zilikuwa za mbele.

Mheshimiwa akaenda juu mzima mzima. Kwato nne hewani. Nyuma ya mkokoteni ikagonga chini, juisi ikaanza kuchuruzika mchangani, na yeye pale juu akatulia kabisa, masikio wima, anatafuna kitu alichokuwa nacho mdomoni tangu nyumbani. Ungedhani kaja kuhutubia.

Bodaboda mbili zikasimama. Hakuna aliyeuliza kama kuna aliyeumia; simu zilitoka kwanza. "Mbukwenyi, Mheshimiwa!" mmoja akapaza sauti kwa salamu ya Kigogo, na punda akajamba.

Nikaivamia mipini pale inapoungana na bodi, nikasukuma chini kwa nguvu zangu zote mpaka macho yakaona nyota. Haikutikisika. Akatokea bibi mmoja muuza ubuyu, mwembamba kama ufito, akatua kikapu chake.

"Mjukuu wangu, kwenu mlango mnausukumia kwenye bawaba?"

Akaenda hadi nchani, akaruka, akaudaka mpini akaning'inia nao kama ndoo. Ukashuka kidogo! Wale wa bodaboda wakaacha simu wakaning'inia naye, mimi nikiamriwa kushusha kreti za nyuma, "nyuma, wewe, NYUMA!", hadi kwato zikagusa mchanga. Mheshimiwa akajitikisa, akaangalia kama posho ipo.

Mjomba alifika tukiwa tunapanga tena. Hakuuliza kitu. Alizitazama kreti nne zilizopondeka, akahamishia mbili mbele, akaweka kiganja chini ya mpini, akapima.

"Debe moja," akasema. "Haya, Toki, twende. Kwa miguu."

Jina hilo ndilo ninaloitwa Mpunguzi nzima hadi leo. Na Mheshimiwa, akiniona tu nasogelea mkokoteni, hukalia matako palepale, na hakuna posho ya kumwinua mpaka niondoke.