Skrini ikijieleza vibaya, nani aisahihishe?

Tangu VESA, shirika la viwango vya skrini, lilipotoa kanuni ya EDID mwaka 1994, skrini hujieleza yenyewe. Ukichomeka kebo, kompyuta inasoma baiti 128 zinazotaja modi (ukubwa wa picha na kasi ya kuichora upya) ambazo skrini inazimudu, na picha inatokea. Ndiyo maana baadhi ya wanaotengeneza mifumo ya leo wanaona kuandika vipimo vya skrini kwa mkono ni mabaki ya zamani yanayofaa kufutwa.

Hoja yao ina uzito. Enzi za CRT, zile skrini nene za kioo, masafa yaliyozidi uwezo wa skrini yaliweza hata kuunguza sakiti zake, na hakuna anayetamani kurudi huko. Mtu anayetaka kufanya kazi zake tu asilazimishwe kujua saa ya pikseli, yaani kasi ya kutuma nukta za picha, ni nini.

Ila hoja hiyo inachukulia kwamba baiti zile zinafika, tena zikiwa sahihi. Swichi ya KVM (inayoziwezesha kompyuta kadhaa kutumia skrini moja) au adapta duni huweza kuzizuia njiani. Baiti moja ikiharibika, jumla ya zote haigawanyiki tena kwa 256, na mfumo una kila sababu ya kuikataa taarifa nzima. Hapo skrini nzuri inaishia kwenye 1024x768, ingawa skrini yenyewe ni nzima na kadi ya michoro ni nzima.

Hata taarifa zikifika salama, bado kuna hesabu. Chukua modi ya 1920x1200, mara 60 kwa sekunde. Hesabu ya kawaida ya CVT, kanuni ya VESA ya kukokotoa vipimo vya modi, huongezea kila mstari pikseli 672 zisizoonekana, kwa sababu mwale wa elektroni wa CRT ulihitaji muda wa kurudi mwanzo wa mstari. Saa ya pikseli inafika megahezi 193.25. DVI ya kiungo kimoja, aina ya muunganisho wa skrini, mwisho wake ni 165, kwa hiyo modi hiyo haipiti. Skrini bapa haina mwale wa kurudisha. Punguza pikseli hizo tupu ziwe 160, na saa inashuka hadi 154. Inapita! Kebo ni ileile, skrini ni ileile, na hakuna pikseli hata moja ya picha iliyopunguzwa. Kilichoondolewa ni utupu. Programu iliyotumia hesabu ya kwanza ingeiondoa modi hiyo kwenye orodha bila kusema neno, na mtumiaji angeamini kwamba vifaa vyake havina uwezo. Anayejua kuandika `cvt -r 1920 1200` na kuipa xrandr, programu ya kupanga skrini kwenye Linux, matokeo yake anapata skrini yake nzima.

Sasa njia hiyo inazidi kuwa finyu. Kwenye X, mfumo wa zamani wa kuonyesha madirisha kwenye Linux, xrandr ilimpokea kila mtu. Kwenye Wayland, mrithi wake, uamuzi ni wa kila mazingira ya eneo-kazi: Sway inakubali vipimo vya mkono, mengine hayana pa kuviandika. Mlango wa `drm.edid_firmware`, mpangilio wa kiini cha Linux, upo, lakini unadai faili kamili la EDID na haki za msimamizi, mzigo mkubwa kwa jambo la mstari mmoja.

Kuhusu hofu ya kuharibu vifaa, skrini bapa nyingi zikipewa masafa zisizoyaweza huonyesha onyo tu au hubaki nyeusi. Dawa yake tunayo tayari: modi mpya ijaribiwe kwa sekunde chache, na mtumiaji asipoithibitisha, ya awali irudi yenyewe. Kinga hiyo hiyo inayolinda modi za kwenye orodha inatosha kulinda na ile iliyoandikwa kwa mkono.