Kabla ya kununua kadi ya grafiki, fungua kasha

Kijana mmoja wa chuo alipanda daladala kutoka Iyunga hadi Mwanjelwa akiwa amepakata boksi mapajani kama mtu aliyebeba mayai. Ndani mlikuwa na kadi ya grafiki, kile kipande kinachochora picha za gemu kwenye skrini: RX 580 ya gigabaiti 8, mtumba, iliyofika kwa basi kutoka Kariakoo. Alikuwa amejinyima miezi mingi kuipata. Tulipofungua kompyuta yake, HP EliteDesk 800 G1 ile nyembamba ya ofisini, kadi haikuingia: ilikuwa pana kuliko kasha lenyewe. Nikasoma kibandiko cha pawa saplai, kifaa kinachogawa umeme ndani ya kompyuta: wati 240, na hakuna hata waya mmoja wa kupeleka umeme kwenye kadi. RX 580 peke yake hula kama wati 185. Aliyemuuzia hakumuuliza ana mashine gani.

Ubishi tulionao hapa Mbeya kila wacheza gemu wakikutana unaanzia hapo hapo. Wapo wanaosema gemu likikwama, weka kadi, mengine yatafuata. Wapo wanaosema kuweka kadi kwenye kompyuta ya zamani ni kumwaga hela.

Wa kundi la kwanza wana hoja nzito kuliko wapinzani wao wanavyokubali. Kompyuta nyingi za mezani tunazonunua huku zilishatumika ofisini miaka kadhaa kabla hazijatufikia: OptiPlex za Dell, EliteDesk za HP na jamaa zao, nyingine zikiwa na prosesa (ubongo wa kompyuta) kama i5-4570 ya mwaka 2013. Picha kwenye mashine hizo huchorwa na kipande kidogo kilichomo ndani ya prosesa, tena kinaazima memori (RAM) ileile ambayo Windows na gemu vinaigombania. Mashine ya namna hiyo ukiipa hata GTX 1650 ya mwaka 2019, GTA V inakuwa gemu jingine kabisa. Na matoleo mengi ya GTX 1650 yanatosheka na wati 75 zinazopita kwenye sloti ya mazabodi, ile bodi kuu ya kompyuta, bila waya wa ziada.

Hoja yao ya pili ndiyo inayonigusa zaidi. Kadi inahama. Leo iko kwenye OptiPlex, miaka miwili ijayo unaichomoa na kuiweka kwenye kompyuta mpya. Memori ya DDR3, aina ya zamani, utakayonunua leo haiingii kwenye mazabodi ya DDR4 iliyoifuata, kwa hiyo itazeeka na kufa na mashine hiyo hiyo. Na anayehariri video za harusi na send-off mwishoni mwa wiki, kadi itamrudishia hela yake kwa namna ambayo gemu haliwezi.

Upande wa pili nao hausemi uongo. Kadi huchora, lakini prosesa ndiyo inayoipa kazi: inapiga hesabu za magari, watu wa barabarani, risasi na fizikia yote. Ikichelewa, kadi inakaa inasubiri, hata iwe ya bei gani. Kuna kipimo kisichogharimu senti. Washa gemu, hesabu fremu (picha zinazochorwa) kwa sekunde, kisha shusha rezolusheni, yaani wingi wa nukta za picha, kutoka 1920 kwa 1080 hadi 1280 kwa 720. Fremu zikipanda sana, aliyelemewa ni upande wa grafiki, kwa hiyo kadi itakusaidia. Zikibaki palepale, prosesa imefika mwisho, na hela ya kadi haitaonekana kwenye skrini. Naumia kuona watu wanatoa laki kadhaa bila kufanya jambo hili la dakika tano.

Memori nayo angalia. Mwenye gigabaiti 4 aanze hapo, sina ubishi. Mwenye kijiti kimoja cha 8 akiongeza cha pili kinachofanana nacho, prosesa inasoma njia mbili kwa pamoja, na kwa anayetegemea grafiki ya ndani tofauti inaonekana kwa macho. SSD, diski ya kasi, haiongezi fremu, ila inapunguza kusubiri.

Umeme ndipo wengi wanapoumia. Pawa saplai za HP na Dell za ofisini mara nyingi hazitumii plagi ya kawaida ya pini 24, kwa hiyo huwezi kuchukua yoyote dukani na kuchomeka. Atakayekuambia ununue kigeuzi cha waya ili kadi kubwa ipate umeme kwenye pawa saplai ya wati 240, mkimbie. Hapo bado sijagusa umeme wa kukatika na kurudi kwa kishindo. UPS, betri inayoishika kompyuta umeme ukikatika, ni sehemu ya bei ya kadi.

Kuhusu mitumba, watu wanaogopa kadi zilizochimba sarafu za mtandaoni. Septemba 2022 Ethereum, mojawapo ya sarafu hizo, iliacha kuchimbwa kwa kadi, na nyingi zikamwagika sokoni, RX 580 zikiwemo. Mimi siziogopi kwa sababu hiyo tu. Chipu huwa inavumilia. Vinavyochoka ni feni na vipande laini vya kupitisha joto juu ya memori, na fundi anavibadilisha. Naogopa zaidi kadi za uongo: kadi ya zamani iliyobadilishwa jina ndani ili ijitambulishe kama GTX 1050 Ti. Programu ya bure ya GPU-Z huzitambua nyingi, kwa hiyo usitoe hela kabla hujaiona kadi ikiwaka na programu hiyo ikiwa wazi. Baridi yetu ya Juni na Julai inazipumzisha kadi zote, lakini vumbi la kiangazi linaziba feni, zilizochimba na zisizochimba.

Msimamo wangu: mwenye kasha la mnara, lile pana la kusimama, memori ya kutosha na kipimo kilichoonyesha grafiki ndiyo kikwazo, anunue, tena isiyohitaji waya wa ziada. Mwenye kasha jembamba atafute GTX 1650 au 1050 Ti ya umbo fupi (low profile), au auze mashine apate ya mnara.

Yule kijana tulimfanyia kipimo siku ileile. GTA V ilitoka fremu 22 ikafika 40 rezolusheni iliposhuka. Alikuwa sahihi kwamba anahitaji kadi. Kwa RX 580 ameshampata mnunuzi wa Uyole mwenye kasha kubwa na pawa saplai ya wati 500, na sasa anasubiri GTX 1650 fupi. Safari hii picha ya ndani ya kasha lake na ya kibandiko cha wati alimtumia muuzaji kabla ya hela.