Kifungo cha upande wa kushoto

Nilikua na miaka 13 na mwili wenyewe ulikua haujaamua unataka kua nini. Nyayo zilitangulia kama zinawahi basi (ndo inavyokuaga, nyayo na viganja vinaanza, kimo kinafuata nyuma kwa muda wake), nikawa natembea kama bata aliyeazima viatu. Sauti nayo haina adabu, unaanza sentensi ukiwa baba mtu unaimaliza ukiwa kifaranga. Hayo yote nilivumilia.

Sasa siku moja nikajigonga kifua kwenye kona ya dawati, upande wa kushoto, aisee nikaona nyota mchana. Usiku najipapasa nakuta kitu kigumu nyuma ya chuchu, kama kifungo cha shati hivi. Kushoto tu, kulia kuko shwari kabisa. Yakanijia mawazo mawili, la kwanza nakufa, la pili navunja ungo. Na la pili ndo lilininyima usingizi, maana kufa unakufa mara moja watu wanalia yanaisha, ila hili ungeanza kumweleza nani?

Kumwambia mtu thubutu. Nikaanza kutembea nimekunja mabega kama mtu anayekinga mshumaa usizimwe na upepo, begi nalibeba kwa mbele, sweta sivui hata jua liwake vipi. Mama akiuliza unaumwa, namwambia nasikia baridi, huku jasho linatiririka, na jasho la umri ule mnalijua wenyewe, linaingia chumbani kabla yako.

Ikaja siku ya michezo, mbio za kuzunguka uwanja, na mwalimu kasema wote tisheti nyepesi, masweta sitaki kuyaona. Nikawaza weee mpaka nikakumbuka kaka alikua na bendeji ya kuvutika ya kufungia kifundo cha mguu. Nikaiba. Nikajizungushia kifuani mizunguko sijui mingapi, nikajitazama kwenye kioo, bapa kama ubao. Kupumua ndo kulikua shida kidogo lakini nikasema kupumua nitapumua nikifika nyumbani.

Tukaanza. Mita hamsini za mwanzo niko vizuri, kwenye kona nikahisi kitu kinalegea kinashuka kiunoni, nikajifanya sijui. Kumbe bendeji imeshatokea chini ya tisheti inaburuzika nyuma yangu kama mkia wa tiara. Na nyuma yangu alikua anakuja jamaa mmoja tunasoma nae, pande la mtu, kisharubu tayari, kiatu namba 44, yaani ndo yule kila nikimtazama najiona mimi bado mtoto mchanga. Akaikanyaga.

Niliwahi kuchezesha pia ya kamba utotoni ila sikuwahi kua pia mwenyewe. Nilizunguka jamani, bendeji inafunguka mimi nazunguka, nikamalizia chini kifudifudi, na nadhani mnajua nilitanguliza upande gani. Jamaa nae akaniparamia, puu, goti lake lote likachunika.

Mwalimu kuona bendeji yote ile akajua nina mbavu zilizovunjika nikaficha ili nikimbie, akaanza kupiga kelele msimguse, msimguse! Nikajikaza nimwambie kiume, "Mwalimu sijavunjika," ile "sija" ikatoka besi safi, "vunjika" ikatoka filimbi. Uwanja mzima chini kwa kicheko.

Chumba cha huduma ya kwanza, nesi akafunga pazia akauliza ulijifunga ya nini. Nikagoma. Akauliza tena taratibu, nikamnong'oneza. Hakucheka hata, akapabonyeza kidogo akasema mwanangu huko ni kubalehe tu, homoni zinapanda hazijapata mizani, hata mwili wa mvulana unatengeneza kidogo ile ya kike, karibu nusu ya wavulana inawapata, na mara nyingi inaanza upande mmoja. Inaisha yenyewe, wengine miezi 6, wengine mpaka miaka 2. Ikikua sana au ikitoa majimaji urudi, ila acha kupaminyaminya kila saa, na hiyo bendeji mrudishie mwenyewe.

Nusu! Yaani darasani kwetu tungekua timu nzima na wa akiba, halafu mimi ndo nilikua natembea kama nimeficha bomu.

Nikawa navaa tisheti, pazia likatikisika upande wa pili. Nilikua nimesahau kwamba kuna mwenzangu anasafishwa goti huko. Kimyaaa, halafu ikatoka sauti nzito ambayo katikati ikageuka kifaranga:

"Nesi... na ya kulia je?"

Bendeji niliifua nikairudisha kimya kimya. Kaka mpaka leo anauliza nani aliikanyaga na kiatu namba 44, maana ile alama ilikataa kutoka.